Kitunguu saumu kikavu: kikiwa kichungu, kikiwa chapwa, kikiganda

Malalamiko mengi kuhusu kitunguu saumu kikavu yana mzizi mmoja: watu wanakitumia kama pilipili manga. Wananyunyiza juu ya chakula na kutarajia harufu itoke papo hapo. Pilipili manga inao ukali wake tayari. Kitunguu saumu hakina. Ukali wake huzaliwa pale kimeng'enya kiitwacho aliinesi kinapokutana na aliini, kiambato kingine kilichomo humo humo kwenye punje, penye maji, na hapo ndipo hutengenezwa alisini, ile harufu inayopanda puani ukiponda punje mbichi. Kitunguu kikikaushwa kwa joto la chini, kimeng'enya hicho hakifi. Kinalala. Maji hukiamsha, moto mkali hukiua, limau na siki hukizima. Kwa hiyo mpangilio ni maji kwanza, moto baadaye, vitu vichachu mwisho, na anayeufuata huepuka sehemu kubwa ya matatizo yaliyoelezwa hapa.

Kwanza, umeshika kipi?

Kabla ya kutafuta kosa jikoni, tazama chupa. Kuna unga, laini kama unga wa ngano. Kuna chembechembe, ambazo ukizisugua kwa vidole unahisi mchanga. Kuna vipande, yaani punje zilizokatwa na kukaushwa bila kusagwa. Halafu kuna chumvi ya kitunguu saumu, ambayo kwa kawaida ni sehemu 3 za chumvi kwa sehemu 1 ya unga.

Punje 1 mbichi ya ukubwa wa wastani hubadilishwa na 1/8 ya kijiko cha chai cha unga, au 1/4 ya kijiko cha chembechembe, au 1/2 ya kijiko cha vipande. Vipimo hivi havibadilishani vyenyewe kwa vyenyewe. Aliyeambiwa atie nusu kijiko cha vipande akatia nusu kijiko cha unga ametia punje 4 mahali pa 1, na hapo lawama si ya kitunguu.

Chakula kimekuwa kichungu

Chanzo kikubwa kuliko vyote ni unga kuungua kwenye mafuta. Kitunguu saumu kibichi kina maji zaidi ya nusu ya uzito wake, na maji hayo ndiyo ngao yake: mpaka yakauke, kipande hakiwezi kupata joto kali ndani. Unga hauna ngao. Kila chembe ni ndogo na kavu, ina sukari na protini, na mafuta ya kukaangia huwa nyuzi joto 170 za sentigredi au zaidi. Unga hugeuka kahawia kabla hujaweka kijiko chini. Ukishafika rangi ya kahawa, uchungu umekwisha kuingia kwenye mafuta yenyewe, ndiyo maana kuyachuja hakusaidii kitu.

Pima moto kabla ya kutia kipimo chote. Dondosha chembe chache kwenye mafuta na uzitazame. Zikitoa povu dogodogo pembeni na kubaki na manjano hafifu, endelea. Zikichachatika na kubadilika rangi mara moja, ondoa sufuria motoni, ngoja dakika 2, kisha jaribu tena.

Njia iliyo salama ni hii. Kaanga kitunguu maji kwanza mpaka kilainike na kutoa maji yake. Punguza moto. Tia unga wa kitunguu saumu ukiwa umeshalowekwa (kipimo kiko katika sehemu inayofuata), koroga kwa sekunde 30 hadi 60, halafu tia nyanya, supu au maji bila kuchelewa. Kimiminika kikishaingia na kuanza kuchemka, joto la mchuzi linabaki karibu na nyuzi 100 na unga hauwezi kuungua tena, ilimradi usiache chini ya sufuria ishike. Kama chakula hakina kitunguu maji, acha kabisa kutia unga kwenye mafuta. Utie baada ya kimiminika.

Ukishaunguza, mwaga mafuta, futa sufuria, anza upya. Sukari haifuti uchungu huo, wala maziwa, wala nyanya nyingi. Vinaufunika kwa kijiko cha kwanza tu, kisha unarudi mwisho wa ulimi. Vijiko 2 vya mafuta ni hasara ndogo kuliko sufuria nzima ya mchuzi.

Kama una hakika hukuunguza, kagua unga wenyewe. Unga mzuri ni mweupe wa maziwa au manjano hafifu. Wa kahawia ama ulikaushwa kwa joto kali mno, ama umezeeka. Ramba chembe kidogo: ukikuta uchungu kabla hata ya kupika, tatizo umelinunua nalo. Usiuchanganye na unga wa kitunguu kilichookwa, ambao ni kahawia kwa makusudi; huo hunukia utamu na ladha yake ni ya upole.

Na kuna kuzidisha. Kwa sufuria ya mchuzi ya watu 4, kijiko 1/2 cha chai cha unga kinatosha, na kijiko 1 ni kwa wanaokipenda sana. Zaidi ya hapo ladha haiongezeki kwa utamu, inaongezeka kwa ukakasi.

Umeweka cha kutosha, lakini chakula ni chapwa

Hapa ndipo wengi huongeza kipimo, na hapo hapo ndipo wanapokosea tena. Kabla ya kuongeza, fanya jaribio la dakika 10. Weka nusu kijiko cha chai cha unga kwenye kikombe kidogo, tia kijiko 1 cha chai cha maji ya kawaida, koroga, funika kwa kisahani. Unga ukiwa bado mkavu utasikia harufu tamutamu, ya mbali. Baada ya dakika 10 funua na unuse. Ikiwa harufu imepanda na kukuchoma pua kama ya punje iliyopondwa, unga ni mzima na kosa liko kwenye upikaji wako. Ikiwa umepata harufu ileile ya mwanzo, au ya karatasi kuukuu, kimeng'enya kimekufa au harufu imeshatoweka, na hakuna kipimo kitakachoirudisha.

Unga mzima unaotoa chakula chapwa umepatwa na moja kati ya mambo matatu.

La kwanza ni kutiwa moja kwa moja kwenye kitu cha moto. Kimeng'enya hufa joto likipita kama nyuzi 60 hadi 70. Unga uliomwagwa kwenye mchuzi unaochemka hupata maji na kifo kwa pamoja, kwa hiyo alisini haipati nafasi ya kutengenezwa. Dawa ni kuloweka kabla: kijiko 1 cha unga kwa kijiko 1 hadi 2 vya maji ya baridi au ya vuguvugu, dakika 5 hadi 10. Maji ya moto hapana. Utapata uji mzito unaonuka kweli, na huo ndio wa kuingiza chakulani. Ukifanya hivi mara ya kwanza, punguza kipimo chako cha zamani kwa theluthi moja, la sivyo utashangaa.

La pili ni limau na siki. Anayechanganya unga mkavu na maji ya limau ili kulowekea nyama anakizima kimeng'enya kabla hakijaamka. Loweka unga kwa maji matupu kwanza, subiri dakika 10, ndipo ukamue limau. Alisini ikishatengenezwa, uchachu hauiondoi. Viungo ni vilevile na kipimo ni kilekile, ila zamu imebadilishwa, na tofauti yake utaionja mwenyewe.

La tatu ni kuchemsha kwa muda mrefu. Harufu ya kitunguu saumu huruka na mvuke. Chakula kinachokaa motoni saa 2 hubaki na utamu wa kitunguu bila harufu yake. Gawa kipimo: nusu mwanzoni kwa ajili ya ule utamu wa chini, nusu iliyolowekwa katika dakika 10 au 15 za mwisho.

Ladha ni kali, mbichi, na ulimi unahisi ungaunga

Hii hutokea zaidi kwenye vitu visivyopikwa: mtindi, mayonesi, mchuzi baridi wa kuchovyea. Unga ulionyunyizwa juu na kuliwa papo hapo haujalowana, na chembe zake zinakwama ulimini. Loweka, changanya, kisha acha kwenye friji angalau dakika 30. Ikikaa usiku kucha ni bora zaidi, kwa kuwa mafuta yaliyomo hunyonya harufu na kuisambaza, na ukali wa mwanzo hutulia. Onja siku inayofuata kabla ya kuongeza chochote. Kwa kikombe 1 cha mtindi, anza na 1/4 ya kijiko cha chai.

Chembechembe hazifai kwa vitu laini vya namna hii. Hata zikilowekwa zinabaki na mchanga kidogo. Zitumie kwenye nyama na viazi.

Madonge kwenye mchuzi

Kitunguu saumu kina sukari nyingi za aina ya fruktani, ambazo zikikutana na maji hunata. Kijiko cha unga kikimwagwa kwa mkupuo kwenye kimiminika, tabaka la nje hulowana na kuwa gundi, na ndani hubaki unga mkavu. Ukiuma donge hilo unapata mlipuko wa kitunguu mdomoni, huku mchuzi uliobaki hauna kitu. Ukishaloweka kama ilivyoelezwa juu, madonge hayatokei. Yakishatokea, yatoe kwa kijiko chenye matundu, yaponde na maji kidogo pembeni mpaka yawe laini, uyarudishe.

Unga umeganda ndani ya chupa

Sukari zilezile hunyonya unyevu wa hewani, na anayeuleta unyevu mara nyingi ni mpishi mwenyewe, anayetikisa chupa juu ya sufuria inayofuka mvuke. Mvuke unapanda, unaingia kwenye matundu ya kifuniko, unafungiwa humo. Baada ya wiki chache unatikisa na hakitoki kitu. Mimina kwanza kwenye kiganja au kisahani mbali na moto. Kijiko nacho kiwe kikavu kabisa, si kilichofutwa tu na kitambaa chenye maji.

Lililoganda si lazima litupwe. Likivunjika kwa uma na likanukia vizuri, lisage upya, lipitishe kwenye chujio, na ulirudishe kwenye chupa kavu pamoja na punje chache za mchele mkavu. Lililo gumu kama jiwe, limegeuka rangi au linanuka uvundo, litupe. Ukiona madoa ya ukungu, hata moja, tupa chupa nzima. Kuondoa sehemu iliyoota hakutoshi.

Mahali pa kuweka ni kabatini, gizani, mbali na jiko, kwenye chupa ya kioo inayofunga kwelikweli. Rafu iliyo juu ya jiko inaonekana rahisi, lakini hupata joto na mvuke kila siku. Unga wa dukani uliohifadhiwa vizuri hudumu na ladha yake miaka 2 hadi 3; uliosaga mwenyewe, tumia ndani ya miezi 6. Vipande vizima hutunza harufu kuliko unga, kwa hiyo mwenye kinu au blenda asage kidogokidogo.

Vipande vimebaki vigumu kama ngozi

Havikupata maji ya kutosha. Loweka kwa maji ya vuguvugu dakika 15 hadi 20, kisha vitie pamoja na maji yake, maana harufu nyingi imo humo. Kwenye supu inayochemka nusu saa au zaidi unaweza kuvitia vikavu. Juu ya mkate au viazi vya oveni usivitie vikavu kamwe: vinaungua kabla havijalainika.

Chumvi imezidi

Karibu kila mara ni chumvi ya kitunguu saumu iliyotumika badala ya unga. Hesabu yake ni hii: ili upate kijiko 1 cha unga kutoka kwenye chumvi hiyo ungehitaji vijiko 4, na 3 kati yake ni chumvi tupu. Kama ndiyo pekee uliyonayo, iweke mahali pa chumvi yote ya chakula, na kitunguu saumu kilichopungua ukitafute kwingine. Mchuzi uliokwisha kuharibika unaokolewa kwa kuongeza kimiminika na viungo visivyo na chumvi, si kwa kingine.

Nyama ya kuchoma: nje nyeusi, ndani haina harufu

Unga uliopakwa juu ya nyama uko mbele ya moto moja kwa moja, na ladha yake haizami ndani zaidi ya tabaka la juu hata nyama ikikaa usiku kucha. Chumvi ndiyo inayoingia. Kwa hiyo paka chumvi mapema, na kitunguu saumu kiwe uji uliolowekwa na kuchanganywa na mafuta kidogo, kama kijiko 1 cha chai cha unga kwa nusu kilo ya nyama. Choma mbali na miali. Sehemu bora ya kipimo iache pembeni: ichanganye na mafuta ya vuguvugu au siagi, upake dakika 2 au 3 za mwisho. Kama mchanganyiko una sukari au asali, hatari ya kuungua ni maradufu.

Kwenye unga wa kuvingirishia kuku wa kukaanga, kitunguu saumu kikavu huvumilia zaidi kwa sababu kimezungukwa na unga wenye unyevu. Kijiko 1 cha chai kwa gramu 250 za unga wa ngano, na mafuta yasipite nyuzi 175.

Kinyunga cha mkate kimelegea au hakiumuki

Viambato vya salfa vilivyo kwenye kitunguu saumu hulegeza gluteni, yaani protini inayoshikanisha kinyunga, na kwa wingi huidhoofisha hamira. Kiasi kidogo kina faida, kwani kinyunga kinachorudi nyuma ukikisukuma hulainika na kutandika vizuri. Usizidi kijiko 1 cha chai kwa gramu 500 za unga wa ngano. Ukitaka mkate wenye harufu kali, paka siagi yenye kitunguu saumu baada ya kuoka.

Ulichokausha mwenyewe hakikutokea vizuri

Menya, kata vipande vya milimita 3 vyenye unene sawa, tandaza bila kupandana, kausha kwa nyuzi 55 hadi 60. Muda ni saa 6 hadi 12 kutegemea kikaushio na unyevu wa hewa. Kilo 1 ya punje zilizomenywa hubakiza kama gramu 350 hadi 400.

Vikiwa kahawia, joto lilizidi. Oveni nyingi haziwezi kushuka hadi nyuzi 60; acha mlango wazi kidogo na ugeuze vipande kila saa.

Vikiwa vikavu nje na vinanata ndani, ulianza na moto mkubwa ukidhani utaokoa muda. Ngozi ya nje ilikauka na kufungia maji ndani. Virudishe kwa joto la chini.

Usipime ukavu vikiwa vya moto, kwa sababu kipande cha moto huwa laini hata kikiwa tayari. Toa kimoja, kiache kipoe dakika 5, kikunje. Kikikatika kwa mlio wa "tak", kimekauka. Kikipinda kwanza, bado. Usikisage kipande kinachopinda: kitageuka gundi kwenye blenda. Na wakati wa kusaga, bonyeza sekunde 5 na kupumzisha, kwa kuwa kisu kinachozunguka mfululizo hupasha joto, harufu inaruka, na unga unashika ukutani.

Kabla ya kuhifadhi, jaza chupa theluthi mbili na uiache wiki 1, ukiitikisa kila siku. Ukiona umande kwenye kioo, rudisha vyote vikaushwe tena. Wanaoruka hatua hii ndio wanaokuta ukungu katika mwezi wa pili wa kuhifadhi.

Kama vipande vimepata rangi ya kijani au buluu wakati wa kukata au kuvitia kwenye siki, si sumu. Ni viambato vya salfa vinavyokutana na amino asidi, na hutokea zaidi kwa vitunguu vilivyokaa muda mrefu kwenye baridi. Vinaliwa.

Kimewekwa kwenye mafuta, kimekaa nje

Hili si suala la ladha, na halina dawa baada ya kutokea. Vipande vikavu kabisa ndani ya mafuta havina maji ya kulisha bakteria. Lakini ukivilowesha kwanza, au ukitia uji wa unga, umeweka maji ndani ya kitu kisicho na hewa wala uchachu, na hayo ndiyo mazingira ambamo Clostridium botulinum hutengeneza sumu yake. Mbegu za bakteria huyu hutoka udongoni na zinastahimili kuchemshwa. Imani kwamba kitunguu saumu huua bakteria haizigusi. Mwaka 1985 huko Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua baada ya kula kitunguu saumu kilichokatwakatwa na kuwekwa kwenye mafuta bila kutiwa kwenye friji.

Tengeneza kidogo, weka kwenye friji mara moja, maliza ndani ya siku 4. Sumu hiyo haibadilishi rangi ya mafuta, wala harufu, wala ladha, kwa hiyo chupa iliyosahaulika mezani tangu juzi hutupwa bila kuonjwa.